Mchuzi wa bia umetoka mchungu

Swali: Nimepika stoofvlees, ile nyama ya ng'ombe ya Flandria inayopikwa kwa bia. Mchuzi umekuwa mchungu. Nimekosea wapi?

Jibu: Bia ndiyo mkosaji. Yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu) ikichemka muda mrefu, maji hupungua na uchungu hubaki. Tafuta bia ya kahawia ya Ubelgiji, yenye utamu kidogo. Kaanga nyama ya bega hadi ishike rangi, kisha vitunguu vingi, polepole. Wengi huharakisha hapa. Mimina bia, kisha paka haradali slesi ya mkate, ilaze juu ya nyama, haradali ikitazama chini: mkate utayeyuka na kuufanya mchuzi mzito. Acha moto mdogo kwa saa 3 hivi. Mwishoni onja, utie sukari guru na siki kidogo. Wenyewe wa Flandria hula na chipsi.