Meza ya Sebuleni: Mbona Uso Umepasuka?

SWALI: Naishi Gisenyi, karibu na Ziwa Kivu. Nimejitengenezea meza ya kisasa ya sebuleni: uso wa mbao za mkaratusi, miguu ya chuma. Baada ya miezi michache uso umepinda na kupasuka. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo ni unyevu. Mkaratusi umejaa Rwanda na ni imara, lakini husinyaa sana unapokauka. Kwa hiyo kausha mbao kabla ya kuunda meza: zipange kivulini penye upepo, ukitenganisha kila safu kwa vijiti. Kwa makadirio ya mafundi, unene wa sentimita 2.5 huhitaji karibu mwaka mmoja kukauka. Ukiwa na haraka, nunua mbao zilizokaushwa kwenye tanuri.

Usibane uso moja kwa moja kwenye fremu ya chuma. Toboa fremu matundu marefu yanayokingamana na nyuzi za mbao, ili skrubu zipate nafasi: ubao hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Kisha paka vanishi pande zote, hata chini; ukiacha upande mmoja, meza itapinda tena.

Usiharakishe ukaushaji, ndio unaoamua maisha ya meza yako.