Upasuaji wa Kubadilisha Lenzi ya Jicho: Unamfaa Nani?

Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, ni mahali ambapo jicho la mwanadamu hudaiwa kazi mbili zisizofanana. Nahodha atokaye na ngarawa alfajiri huhitaji kuona mbali: mawimbi yanayopasukia mwamba, alama za nchi kavu, mwelekeo wa tanga la mwenzake. Mshona nyavu aketiye kivulini huhitaji kuona karibu, kwani fundo moja likikosewa, jicho la wavu hupanuka na samaki hupita. Kwa majirani zao wa Mlingotini, wanawake wakulima wa mwani hufunga mbegu moja moja kwenye kamba, kazi ya vidole na macho kwa saa nyingi. Chuo cha uvuvi kilichopo Mbegani hufundisha stadi za baharini na za ufukweni pia, na zote huanza na kuona.

Uoni unapopungua, wote hao hutumia kauli moja: macho yamechoka. Kauli hiyo hufunika hali zinazotofautiana sana, na ndiyo sababu swali linalozidi kuulizwa, kwamba je, upasuaji wa kubadilisha lenzi waweza kumwondolea mtu haja ya miwani, haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Kwa mtu mmoja upasuaji huo ndio tiba pekee iliyopo. Kwa mwingine mwenye lalamiko lilelile, ni kulitia jicho zima hatarini kwa ajili ya tatizo linalotatuliwa na miwani ya bei nafuu.

Lenzi na kazi yake

Mwanga uingiao jichoni hupindwa mara mbili ili ukutane juu ya retina, utando wa nyuma upokeao picha. Kwanza hupindwa na konea, kioo hai cha mbele, ambacho hufanya takriban theluthi mbili ya kazi. Theluthi iliyosalia hufanywa na lenzi, iliyo nyuma ya mboni ndani ya kifuko chembamba kinachoning'inizwa na nyuzi. Nguvu ya kupinda mwanga hupimwa kwa dayopta, na jicho zima lina dayopta zipatazo 60. Konea haibadiliki umbo, lenzi hubadilika. Hutuna tutazamapo karibu na kulegea tutazamapo mbali. Mtoto wa miaka 10 huweza kuongeza zaidi ya dayopta 10 kwa njia hiyo, lakini afikapo miaka 50 huwa amebakiwa na zisizozidi 2, kwa sababu lenzi yake imekuwa ngumu.

Ugumu huo si ugonjwa. Ni umri. Ndio unaomfanya mshona nyavu wa miaka 45 aisogeze kazi yake mbali na uso hadi mikono isitoshe, ilhali bado aiona mashua iliyo mbali barabara. Utafiti uliofanywa wilayani Kongwa na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wa miaka 40 na zaidi, takriban asilimia 62 walikuwa na tatizo hilo la kuona karibu, na walio wengi hawakuwa na miwani. Yamkini wengi wao waliamini kuwa macho yao ndiyo basi tena.

Hali ya pili ni mtoto wa jicho. Hapa lenzi haijawa ngumu tu. Imepoteza uangavu wake. Mwanga hutawanyika, rangi hufifia, jua la mchana juu ya maji huumiza, na taa za usiku huonekana kama zimevikwa ukungu. Jina lenyewe limewapotosha wengi, wakadhani ni kitu kinachoota juu ya jicho. Kiotacho juu ya jicho, hasa kwa watu wa jua, upepo na bahari, ni kinyama kinachotambaa kutoka kwenye weupe wa jicho kuelekea konea. Hicho huonekana kwenye kioo cha kujitazamia na tiba yake ni nyingine kabisa. Mtoto wa jicho yumo ndani, nyuma ya mboni, na hakuna dawa ya matone, ya kunywa wala ya asili inayoweza kumwondoa. Dunia nzima, yeye ndiye sababu kuu ya upofu, na Tanzania pia.

Wapo wanaosubiri mtoto wa jicho aive. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi; zamani madaktari wenyewe walisubiri, kwa kuwa mbinu za wakati ule zilihitaji lenzi iliyokomaa. Leo kusubiri hakuna faida. Lenzi iliyokaa mno huwa ngumu kuitoa, na nyingine huvuja ndani ya jicho na kupandisha presha hadi mshipa wa fahamu wa jicho ukafa. Kwa mtoto mchanga au mdogo kusubiri ni hatari zaidi: weupe ndani ya mboni ya mtoto ni jambo la kumpeleka hospitali mara moja, kwani ubongo usiopata picha katika miaka ya mwanzo hushindwa kujifunza kuona, na mara nyingine weupe huo ni dalili ya saratani.

Kioo cha ndege za vita

Kutoa lenzi ni kazi ya zamani. Kuweka nyingine mahali pake ni ya juzi. Kabla ya hapo, mtu aliyetolewa lenzi alipewa miwani minene ya dayopta zipatazo 10, iliyokuza kila kitu kwa takriban robo na kumfanya akosee hatua ngazini. Miwani hiyo ikivunjika au ikidondoka baharini, mtu alirudi kuwa kipofu kwa vitendo.

Aliyebadili jambo hilo ni Harold Ridley, daktari Mwingereza ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia Afrika Magharibi na kuchunguza upofu wa usubi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Kwa marubani waliojeruhiwa, iligunduliwa kuwa vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyoingia jichoni vilitulia bila kuleta uvimbe. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas mjini London, Ridley alimfanyia mgonjwa upasuaji wa kwanza wa kuweka lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Lenzi ilikaa, lakini ilikuwa na nguvu kupita kiasi: mgonjwa alibaki na hitilafu ya dayopta zipatazo 18, asiweze kuona mbali bila miwani mikali. Funzo la siku ile lingali hai. Kuiweka lenzi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuipima.

Kwa miongo kadhaa lenzi hizo zilikuwa ghali mno kwa Afrika Mashariki. Mambo yalibadilika viwanda vilipofunguliwa nje ya nchi tajiri, kikiwemo cha Madurai, India, mwaka 1992, na kile cha Asmara, Eritrea, mwaka 1994, kilichotokana na juhudi za daktari Fred Hollows. Bei ya lenzi moja ilishuka kutoka zaidi ya dola 100 za Marekani hadi chini ya 10. Ndipo upasuaji wa mtoto wa jicho pamoja na kuwekewa lenzi ulipoweza kuwa huduma ya kawaida katika hospitali kama KCMC ya Moshi, Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam, na katika kambi za macho zinazofika wilayani.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Jicho hufishwa ganzi kwa matone au sindano, na mgonjwa hubaki macho. Daktari hupasua upenyo mdogo, hufungua upande wa mbele wa kifuko, huitoa lenzi iliyopauka, ama nzima kupitia upenyo wa milimita chache ama baada ya kuivunjavunja kwa mawimbi ya sauti, kisha huweka lenzi mpya ndani ya kifuko kilekile. Mara nyingi hakuna uzi unaoshonwa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Lenzi ipi, na kwa kazi gani

Lenzi ya plastiki haitunduki wala hailegei. Ile ya kawaida huona vizuri katika umbali mmoja tu, na umbali huo huchaguliwa kabla ya upasuaji. Ili kuupata, hupimwa urefu wa jicho na mviringo wa konea. Kosa la milimita moja tu katika urefu huzaa hitilafu ya dayopta 2.5 hadi 3. Kwa desturi daktari hulenga mbali. Nahodha atafurahi, kwa kuwa atauona upeo wa bahari kama alivyouona ujanani, ila atahitaji miwani ya kusomea ili kufunga chambo. Mshona nyavu ambaye hakuambiwa hayo aweza kutoka hospitali akiona minazi ya ng'ambo na asilione fundo lililo mkononi, akaona ametapeliwa. Mgonjwa anayestahiki kulengewa karibu yupo, lakini ni lazima aulizwe kazi yake, au aitaje mwenyewe kabla ya vipimo.

Zipo pia lenzi zenye duara nyingi, zinazogawa mwanga ili mtu aone mbali na karibu kwa pamoja. Ndizo husifiwa sana katika matangazo ya upasuaji wa kuachana na miwani. Wengi huridhika nazo, hasa watu wa ofisini. Lakini mwanga uliogawanywa una gharama yake: tofauti kati ya kivuli na kivuli hupungua, na taa gizani huzungukwa na miduara. Mvuvi wa dagaa afanyaye kazi usiku kwa karabai, akitazama kutoka kwenye mwanga mkali hadi kwenye maji meusi, ana sababu nzuri ya kuzikwepa hata kama angepewa bure.

Lenzi isiyo na ugonjwa

Basi vipi kuhusu mtu mwenye lenzi angavu, anayetaka tu kuitupa miwani? Wazo hilo ni la kale kuliko Ridley. Mwaka 1890 daktari Vincenz Fukala wa Austria alieleza jinsi alivyotoa lenzi angavu za watu wasioona mbali kabisa. Kwanza matokeo yalishangiliwa, kisha yakazuka matatizo, hususan kubanduka kwa retina, na njia hiyo ikaachwa. Leo imerudi ikiwa na vifaa bora, lakini umbo la jicho ni lilelile. Jicho la mtu asiyeona mbali kwa kiwango kikubwa ni refu, na retina yake imevutika. Lenzi ikitolewa, hatari ya retina kubanduka hupanda, zaidi kwa mwanamume aliye chini ya miaka 50.

Kijana naye hupoteza kitu ambacho hakuwa na habari nacho. Mwanafunzi wa miaka 22 ambaye lenzi yake bado hutuna na kulegea, akiitoa, huamka na jicho la kuona karibu la mtu wa miaka 60. Kwake miwani ndiyo mwanzo, na akishindwa kabisa nayo, kuna njia za leza juu ya konea au lenzi ya nyongeza inayowekwa mbele ya ile ya asili bila kuiondoa. Hali hubadilika kwa mtu aliyepita miaka 55 mwenye hitilafu kubwa, hasa yule ambaye miwani yake ya kuona mbali ni ya kukuza. Lenzi yake haibadiliki tena, na aghalabu imeanza kupauka. Huyo ana jambo la kujadili na daktari bingwa.

Hatari nyingine hazichagui. Vijidudu kuingia ndani ya jicho ni nadra, chini ya mgonjwa mmoja kati ya 1000 katika huduma nzuri, lakini huweza kuliua jicho. Kifuko chaweza kupasuka wakati wa upasuaji. Miezi au miaka baadaye kifuko hicho hupauka kwa baadhi ya watu. Hilo hutibiwa kwa leza kwa dakika chache. Kwa mtu asiyeona kwa sababu ya mtoto wa jicho, mizani huelemea upasuaji bila ubishi. Kwa mtu aonaye sawasawa akivaa miwani, hatari hizohizo huwa na uzito mwingine.

Kipo kipimo kidogo awezacho kukifanya yeyote kabla ya kwenda kliniki. Karatasi ngumu hutobolewa kwa sindano, tundu la kama milimita moja, kisha maandishi ya mbali hutazamwa kupitia hapo kwa jicho moja. Yakionekana wazi zaidi, yaelekea tatizo ni la kupinda mwanga, na miwani itasaidia. Yasipobadilika, lenzi imepauka au kuna tatizo nyuma yake, kama vile madhara ya kisukari au presha ya macho, ambayo lenzi mpya haiwezi kuyaponya. Kipimo hiki hakimwondoi daktari. Hufanya tu safari ya kwenda kwake isiahirishwe.

Linabaki suala la riziki. Baada ya upasuaji jicho hutiwa dawa kwa wiki kadhaa, halisuguliwi, na maji ya bahari hayaruhusiwi kulifikia, mara nyingi kwa takriban wiki nne. Mvuvi asiyejiandaa hurudi majini siku ya tano. Ndiyo maana tarehe yafaa ipangwe kwa kalenda ya bahari: wakati kusi imechacha na vyombo vidogo vimepandishwa, au, kwa watu wa dagaa, mwanzoni mwa siku za mwezi mpevu ambapo karabai hulala hata hivyo. Jicho la pili husubiri la kwanza lipone, na msimu unaofuata hulikuta zamu yake.