Kasisi na Mkewe katika Mtaa wa Whitechapel

Tusomapo habari za Akila na Prisila katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, twaona kwamba majina yao hayatengani. Mwezi huu twataka kuwatazama mume na mke wengine wa namna hiyo, wa Kanisa letu la Anglikana, waliofanya kazi London karibu miaka mia na hamsini iliyopita: Samuel Barnett na mkewe Henrietta.

Samuel alizaliwa Bristol mwaka 1844, Henrietta mwaka 1851 katika nyumba yenye mali. Kabla hajaolewa, Henrietta alijitolea kuwatembelea maskini wa Marylebone pamoja na Bi. Octavia Hill, naye Samuel alikuwa kasisi msaidizi upande ule ule. Walioana Januari 1873, na mwaka huo huo wakapewa mtaa wa St Jude's, Whitechapel, mashariki mwa London. Askofu hakuwaficha neno. Aliwaonya kwamba huo ndio mtaa mbaya kupita yote katika dayosisi yake. Wakaenda.

Jumapili ya kwanza waliofika kanisani walikuwa vikongwe sita au saba, na kila mmoja alitazamia kupewa kitu kwa kuja kwake. Ndiyo desturi waliyoikuta: mtu hubisha hodi kwa kasisi, hueleza shida zake, hupewa chochote, kesho hurudi. Barnett akakataa. Alisema sadaka ya mlangoni haimwondoi mtu katika umaskini wake, bali humzoeza kusema uongo. Afadhali kumtembelea nyumbani, kumjua kwa jina, kumtafutia kazi. Watu walikasirika mno. Walijazana mbele ya nyumba yake, wakavunja madirisha, hata ikabidi utobolewe mlango wa kuingilia kanisani, ili kasisi apate kutoka kwa siri kwenda kuita polisi.

Je, alifanya vema? Vikundi vya kujifunza vyaweza kulijadili swali hili kwa muda mrefu, maana hata kwetu hodi hizo zapigwa. Sisi twaona alikuwa na haki nusu. Mwenye njaa leo hawezi kula shauri jema. Tena yeye mwenyewe, kwa kuwa alikaa pale na hakuhama, alifunzwa na majirani zake. Aliona kibarua wa bandarini akiamka kabla ya jua kwenda kungoja kazi, akarudi mikono mitupu. Huyu si mvivu. Aliona wazee waliochoka kwa kazi ya maisha yao yote hawana pa kwenda ila nyumba ya maskini. Basi mwaka 1883 akaandika kwamba yafaa serikali iwalipe wazee pensheni. Na mwaka 1895 alisimama mbele ya chama kile kilichosimamia utoaji wa misaada London, chama alichokitumikia tangu ujana, akakikosoa waziwazi kwa ugumu wake. Sheria ya pensheni ilipitishwa mwaka 1908: shilingi 5 kwa wiki kwa maskini waliotimiza miaka 70. Hesabuni wenyewe, ni miaka 25 tangu alipoandika.

Henrietta naye hakuwa mke wa kupika chai ya wageni tu. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa mmoja wa wasimamizi wa shule kubwa ya bweni ya Forest Gate, walikowekwa watoto wa maskini kwa mamia. Kwa hayo aliyoyaona, alishika kusema kwamba mtoto alelewe katika nyumba ya watu, si katika kambi. Mwaka 1877 waliwapeleka watoto 9 wa Whitechapel kupumzika shambani, katika nyumba za wanakijiji. Kutokana na hao 9 ukaanzishwa mfuko uliopeleka maelfu.

Kuanzia 1881 walikuwa wakitundika picha nzuri za kuchorwa katika vyumba vya shule ya kanisa wakati wa Pasaka, ili watu wazione. Wakristo wengine walinung'unika kwa sababu milango ilifunguliwa hata Jumapili. Lakini kibarua ana siku gani nyingine? Mwaka 1901 kazi hiyo ikapata jengo lake, Whitechapel Gallery.

Linalojulikana kuliko yote ni Toynbee Hall, nyumba iliyofunguliwa mkesha wa Krismasi mwaka 1884. Vijana wa vyuo vya Oxford na Cambridge walikuja kukaa humo, wakifanya kazi zao mchana na kufundisha jioni, wakiwa majirani wa maskini na si wageni wa saa moja. William Beveridge alikaa pale, na Clement Attlee, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1945. Kutoka Marekani alikuja Bi. Jane Addams kuitazama, akarudi kwao na mwaka 1889 akafungua Hull House mjini Chicago.

Samuel alifariki mwaka 1913. Mjane wake aliandika habari za maisha yake, akaendelea na kazi ya kujenga kitongoji kipya cha Hampstead, alichokusudia matajiri na maskini wakae humo pamoja. Hilo halikudumu, nyumba za huko leo ni za bei kubwa sana. Alifariki mwaka 1936. Kanisa la St Jude's la Whitechapel lilikwisha kubomolewa, bali Toynbee Hall ingalipo katika barabara ile ile ya Commercial Street, na wenye madeni na matatizo ya nyumba bado huenda pale kutafuta msaada.