Upepo umeondoa mabati: nani ana haki ya kutengeneza?



Mvua za kwanza hapa Lualaba zinakuja na upepo mukali. Na nyumba ya mulimaji si ya kulala tu: ndani muko mahindi ya chakula na mbegu za kupanda mwezi wa 11 na wa 12. Paa ikibakia wazi, mahindi yanalowana na yanaota kuvu. Kuvu ingine inaleta sumu yenye hata kupika haiimalizi. Kwa hiyo tunaulizwa kila mara: tunaweza kutengeneza sisi wenyewe, ao tungojee ruhusa?

1. Nyumba ni yako. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Lakini nyumba yenye ulijenga ni mali yako, na kurudisha paa ni kulinda mali hiyo. Kuongeza vyumba ao kujenga mupya ni jambo lingine: uliza kwanza shefu wa kijiji, ao biro ya urbanisme kama uko Kolwezi mujini.

2. Unapanga. Sheria ya mapatano ya 1888 ingali inatumika: matengenezo makubwa, kama paa, ni ya mwenye nyumba, madogo ni ya mupangaji. Usikate pesa ya kodi kwa kichwa chako. Muandikiane mbele: nani ananunua mabati, kwa bei gani, na itakatwa miezi mingapi. Wakati unangojea, funika na bashi.

3. Kampuni ya mine inataka kuhamisha kijiji. Wengine wanasema: "Tuache tu, tutahama karibuni." Lakini kuhama kunaweza kukawia miaka, na watoto wananyeshewa leo. Kodi ya Mine ya 2002, yenye ilibadilishwa 2018, inaamuru mwenye ruhusa ya kuchimba alipe hasara ya wenye kuikala pale. Basi tengeneza, lakini uache ushahidi: piga foto mbele na kisha, shefu akiwa pale, na uchunge fakture zote.

Kazi yenyewe

- Ngoja upepo ukome. Kama waya ya umeme imeanguka, usisogee.
- Ondoa mbao zenye zimeoza. Usipige musumari ndani ya tundu ya zamani.
- Funga mbao za paa na ukuta kwa waya yenye nguvu. Upepo unaanza kunyanyua mabati pembeni, kwa hiyo pale ukaribishe misumari.
- Toa mahindi yenye yamelowa, uyaanike, na usiyachanganye na makavu.

Maulizo ya mukutano

Katika koperative yetu, nani anajua kazi ya paa? Tunaweza kuweka bashi moja na waya katika depo mbele mvua ianze? Mujane ao muzee hawezi kupanda juu ya nyumba. Haki yake ya kutengeneza inahitaji mikono yetu.