Kuni za mwaka mzima bila kugusa Magamba

Anza na mizani. Kwa wiki moja, pima kuni zote zinazoingia jikoni. Kaya inayochoma kilo 6 kwa siku inahitaji tani 2 na ushee kwa mwaka, na miti yako inapaswa kuota kiasi hicho ndani ya mwaka huohuo. Ukizidisha, unakula mtaji. Hapa Lushoto mtaji huo ni msitu wa asili wa Magamba: mikulo iliyokua polepole kwa miaka mingi, na chemchemi zilizo chini yake.

Pa kupandia papo: mipaka ya shamba na kontua, ambazo SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulianza kuzihimiza huku miaka ya 1980. Mgrevilea ndio ninaoupendekeza kwanza, kwa kuwa unavumilia kupogolewa. Kata matawi ya chini, acha theluthi ya juu, na shina litaendelea kunenepa kwa ajili ya mbao. Kati ya migrevilea panda kaliandra. Hukatwa ikachipua tena, na majani yake mbuzi wa maziwa huyapenda. Mwati una moto mkali, lakini kisiki chake hakichipui vizuri na mbegu zake husambaa, kwa hiyo usiupande kando ya msitu. Mkaratusi huchipua sana, ila unanyonya maji mengi: uweke mbali na chemchemi na mabonde ya mboga.

Mwenye kipande cha mikaratusi akigawe kulingana na miaka ya mzunguko. Kama mti huvunwa ukiwa na miaka 7, gawa mara 7 na ukate sehemu moja tu kila mwaka, hata bei ya nguzo ipande vipi. Kata mwishoni mwa Septemba, vuli ikikaribia, kwa msumeno mkali na mkato wa mshazari ili maji yasituame kwenye kisiki. Machipukizi yakitoka, bakiza mawili yenye nguvu.

Kisha kausha, na hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza kuni. Karibu nusu ya uzito wa mti mbichi ni maji, na moto huanza kwa kuyachemsha hayo kabla ya sufuria. Pasua mapema, panga juu ya mawe chini ya paa, pande zikiwa wazi kwa upepo. Jua la Januari na Februari litamaliza kazi. Ukisubiri ukungu wa Juni, utapikia moshi.

Mkaa uache. Tanuri la udongo linaweza kula kilo 8 za kuni au zaidi kutoa kilo 1. Jiko sanifu la kuni, maharage yaliyolowekwa usiku na sufuria yenye mfuniko vitakufikisha mbali zaidi.

Miaka ya mwanzo miti haitatosha. Tumia magunzi na matawi ya kupogolea, na unaponunua muulize muuzaji mzigo umetoka shamba la nani. Mti wa asili wa hifadhini haukatwi bila kibali.