SOMO: SAFARI YA KUTAFUTA KIARABU



Mwanafunzi wetu mmoja alitoka hapa Kasoli akaenda Cairo, Misri, kujifunza Kiarabu. Darasani alifaidika: nahau, sarufi, na kusoma kitabu kisicho na irabu. Dukani alikwama. Aliomba "khubz" kama tulivyomfundisha, kumbe Wamisri mkate huuita "aish". Wakamcheka. Akajifungia chumbani na Watanzania wenzake, Kiswahili kutwa, hadi muhula ukaisha.

Kosa ni letu. Hatukumwambia kwamba Kiarabu fasaha ni cha Qur'an, vitabu na khutba. Cha mitaani ni kingine.

Muhula wa pili alirudi kwa muuza mkate, akajifunza.

Basi shikeni fasaha, wala msione haya kuchekwa. Mwenye haya hajifunzi.