Oksijeni ya nyumbani si ya kumsindikiza mgonjwa

SWALI: Daktari, mama yangu amepikia kuni miaka 40, hajawahi kuvuta sigara. Ana ugonjwa sugu wa mapafu na ameandikiwa oksijeni nyumbani. Majirani wanasema akishaanza, hamalizi mwaka. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na maneno hayo yanawaumiza wagonjwa. Moshi wa kuni huharibu mapafu hata ya asiyevuta sigara. Damu ikikosa oksijeni ya kutosha, moyo nao hulemewa. Huko Denver, Marekani, Dkt. Thomas Petty alianza miaka ya 1960 kuwapa wagonjwa wa aina hii oksijeni ya kubeba, akawahimiza watembee badala ya kulala tu. Utafiti alioshiriki, uliochapishwa 1980, ulionyesha kuwa vifo vya waliotumia usiku pekee vilikaribia mara mbili ya waliotumia karibu kutwa kucha. Mwaka uliofuata, Waingereza walionyesha kuwa saa 15 kwa siku hurefusha maisha.

Kwa hiyo mama asingoje mpaka ahemewe ndipo atumie oksijeni. Msiongeze kipimo bila kumuuliza daktari wake, maana ikizidi inaweza kumdhuru. Na jikoni kwenye kuni asikanyage tena: oksijeni hukoleza moto.